MJADALA: Katalizeri ikikufa, tuikate ao tununue ingine?

PapaSpacio
Bandugu wa L'shi (Lubumbashi), jambo yenu. Jana kuna mtu alipiga simu redioni akasema gari yoyote iliyokatwa katalizeri, ile kopo ya kusafisha moshi kwenye eshapema (bomba la moshi), isipewe karatasi ya kontroli tekiniki (ukaguzi wa gari). Usingizi ulinikimbia, maana hiyo gari njo yangu, ao itakuwa yangu wiki hii. Niko na Spacio ya 2002. Kwenye njia ya Kipushi ikiona kamulima kadogo inachoka, unakanyaga mpaka chini na moteri inagoma kupita 3000. Nyuma inanuka yai bovu. Taa ya moteri inawaka, skaneri inasema P0420, yaani katalizeri haisafishi vizuri. Kila garaji naingia, jibu ni moja: "Papa, tukate." Mafundi wetu hawajui kutengeneza, wanajua patasi na shalumo (moto wa kukatia chuma) tu. Sasa mniambie: ni haki kukata? Na serikali ikataze?

Fundi_BelAir
Papa, jambo. Ya serikali nawaachia wenye kravati. Lakini "hawajui kutengeneza" imeniingia kwa roho. Katalizeri haitengenezwi, mukubwa. Ndani ni udongo uliochomwa, vitobo vyembamba kama sega la nyuki, na juu yake wamepaka platini, paladi na rodi, kidogo sana. Ikiyeyuka imeyeyuka. Hata kule Japani wanatoa wanaweka mpya, hakuna fundi anayeishona. Mimi nikimtajia mteja bei ya mpya ananiuliza kama nataka kujenga nyumba kwa pesa yake. Mtu anakuja na pesa ya buji (plagi) mbili, moteri ina buji nne, halafu usiku anaandika kwamba fundi hajui.

PapaSpacio
Sikukutaja wewe.

Fundi_BelAir
Umesema "wetu". Mimi ni wa nani?

Kasumbalesa_Direct
Kata, ulale. Noah yangu ilikatwa na sasa inaruka. Kwanza esansi (petroli) yetu ina madini ya risasi, hata ukiweka mpya itakufa tu. Na Wazungu wenyewe wameianza juzi juzi, miaka ya 2000 na kitu. Babu zao waliendesha bila hiyo na walifika.

Mwalimu_K
2000 na kitu wapi. Marekani ni magari ya mwaka 1975, Ulaya ni mwanzo wa miaka ya 1990. Aliyeivumbua ni Mfaransa, Houdry, aliyehamia Marekani na kuanza kuhangaika nayo baada ya kusoma habari za moshi wa Los Angeles. Risasi kwenye esansi ilitolewa Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, 2021. Na Noah yako inaruka kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeziba. Hata ungekuwa umeziba eshapema na matambara, ukiyatoa gari itaruka. Hukuongezewa nguvu, umerudishiwa iliyokuwa yako.

Kasumbalesa_Direct
Sawa mwalimu. Nipe alama ngapi?

Yaya_Nadine
Papa Spacio, kabla ya kukata ao kununua, uliza kwanza nini kimeiua. Spacio za miaka hiyo, zingine ziko na moteri ya 1ZZ, na 1ZZ za kabla ya 2005 zinajulikana: ringi za pistoni zinajaa uchafu, moteri inaanza kukunywa mafuta yake. Asubuhi moteri ikiwa baridi toa kile kijiti cha mafuta, uangalie. Kama unaongeza mara kwa mara na chini hakuna tone, basi yanaungua, na majivu yake yanakwenda kulala kwenye katalizeri. Ao ni bobini (inayopeleka umeme kwa buji) imechoka: silinda moja haiwaki, esansi mbichi inashuka mpaka huko chini na kuwakia ndani, na hapo njo udongo unayeyuka. Ukiweka mpya juu ya moteri mgonjwa utaiua tena.

Na P0420 peke yake haitoshi kuhukumu. Inaweza kuwa sonda (kipimo cha moshi) ya nyuma, inaweza kuwa eshapema inavuja. Fundi anayejua anatoa sonda ya mbele, anafunga pale kipimo cha presha, mwingine anakanyaga esansi. Presha ikipanda sana, imeziba. Hata kuigonga kidogo na nyundo ya mpira inasaidia: ikilia changarawe, udongo umevunjika.

Kasumbalesa_Direct
Yaya naye amekuwa fundi? Mume wako anajua?

Yaya_Nadine
Mume wangu njo anashikaka toshi.

Fundi_BelAir
Yaya anasema kweli, na presha mimi napima. Ila mteja akiona nafunga kipimo anasema naongeza bei.

Golf_Lac
Mnacheka na watoto wanakohoa. Simameni asubuhi kwenye njia ya Kasenga nyuma ya zile taksi-bisi. Kule komini za Kenya na Katuba hewa imekwisha, watu wanapika na moshi, wanasafiri na moshi, hata hawaoni tena kama ni moshi. Sheria ije, na ije kali.

MwanaKenya
"Hata hawaoni tena." Asante sana mheshimiwa wa Golf, mtaa wa wenye pesa. Sisi vipofu wa Kenya tunakupigia makofi. Nikuulize kitu kimoja: ile shemine (bomba refu la moshi) ya Gécamines, kampuni ya shaba, mita 153, na moto unaoyeyusha shaba hapa tangu 1911, kambi za wafanyakazi walizijenga wapi? Karibu na Golf ao karibu na moto? Miaka yote hiyo nani aliiuliza shemine karatasi ya kontroli tekiniki? Leo sumu ya mji mzima imekuwa Spacio ya papa wa watu.

Golf_Lac
Shemine imezima siku nyingi. Mimi naongea magari.

MwanaKenya
Imezima, na vumbi lake limehamia wapi? Brusele?

Vye_Posho
Wee kijana, shemine uiache. Baba yangu alifanya kazi pale, sisi tulisoma shule ya pale, tulitibiwa pale, kila mwezi posho ya unga ilifika nyumbani bila kuchelewa. Moshi ulipokuwa unatoka, mji huu ulikuwa unakula. Ulipokata ndipo mlipoanza kuuza bidoni za esansi barabarani. Mnatukana moshi uliowalea.

MwanaKenya
Vye, heshima yako ninayo. Ila mimi nimezaliwa posho imekwisha. Mlikula ninyi, kikohozi mkatuachia sisi.

Vye_Posho
Mtoto wa nani wewe?

MwanaKenya
Wa Kenya, nimesema.

Mwalimu_K
Turudi kwa swali tafadhali. Katalizeri inageuza kaboni monoksidi, esansi isiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa vitu vyenye madhara madogo zaidi. Haishughuliki na vumbi la njia wala na moshi mweusi wa mazuti (dizeli) wa malori. Kwa hiyo Golf_Lac, mambo mengine unayoyaona Kasenga hayatokani na magari kama ya Papa.

Golf_Lac
Kwa hiyo nilichosema ni uongo? Mimi nimesoma mazingira.

MwanaKenya
Wapi, hoteli ya Karavia?

Mutoto_wa_Kobalti
Mnapigana na jambo kubwa limewapita. Hiyo katalizeri si kobalti yetu ya Kolwezi? Wanachukua hapa bure, wanaturudishia ndani ya gari bovu, tena tunailipia.

Mwalimu_K
Kobalti yako unaichanganya na betri. Platini nyingi ya dunia inatoka Afrika Kusini. Paladi, Urusi na Afrika Kusini. Rodi sehemu kubwa ni Afrika Kusini, na mwaka 2021 bei yake ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja.

Mutoto_wa_Kobalti
Dola ngapi???

Mutoto_wa_Kobalti
Basi swali. Fundi_BelAir, ukikata, ile kopo ya zamani inabaki kwa nani?

Yaya_Nadine
Wakati fundi anatafuta jibu: wanaokata, angalieni soda (viungo vilivyochomelewa) ya lile bomba wanaloweka mahali pa katalizeri. Nyingi zimechomwa haraka, zinavuja, na bomba liko chini ya miguu yenu. Kaboni monoksidi haina harufu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikamata na madirisha yamefungwa, watoto wamelala nyuma, ile ni hatari kuliko karatasi ya kontroli tekiniki.

PapaSpacio
Dirisha za Spacio yangu hazifungi, yaya, hapo niko salama. Ila nangoja jibu la Fundi. Kopo inabaki kwa nani?

Fundi_BelAir
Inabaki garaji. Njo maana kazi ya kukata naomba pesa ndogo. Kila mtu anajua.

PapaSpacio
Kila mtu nani? Mimi hakuna aliyeniambia. Mmoja aliniambia "Papa, hii tutatupa, usijisumbue", tena kwa huruma, akanipa na kiti nikae.

MwanaKenya
Kiti kile ni cha platini.

Fundi_BelAir
Msinifanye mwizi. Wanunuzi wa mitraye (vyuma chakavu) wanapita, wanasoma namba iliyogongwa juu ya bati, wanataja bei yao na hakuna kubishana. Ndani ya hiyo kopo madini ni gramu chache, si aunsi. Na ikiwa udongo umevunjika na kumwagika njiani, wananunua bati tu. Mwalimu anataja dola 20,000, kesho nitaona foleni ya watu na misumeno.

Golf_Lac
Kwa hiyo mnakata katalizeri ambazo pengine hazijafa.

Fundi_BelAir
Wewe si ulisema unaongea hewa?

PapaSpacio
Hapana, ajibu. Kila garaji "tukate, tukate", hakuna aliyepima presha, hakuna aliyeangalia bobini. Sheria ya kwanza iwe hii: kopo ni ya mwenye gari, airudishe nayo nyumbani.

Vye_Posho
Zamani Gécamines hata msumari haukutoka mlangoni bila bon (karatasi) ya kutokea.

MwanaKenya
Vye, msumari haukutoka, shaba je?

Kasumbalesa_Direct
Bandugu, pesa nzuri msiipoteze kwa maneno. Niko na katalizeri za okazio (zilizotumika), zimetoka upande wa Ndola, Zambia, za Spacio, Ist na Noah, udongo mzima, bei ya kuelewana. Papa Spacio, kuja uangalie.

Fundi_BelAir
Za okazio. Zimetoka kwa gari ya nani?

Kasumbalesa_Direct
Wewe njo unauliza hivyo?