Mifupa kwenye msingi wa uzio wa kanisa: kichwa kiko mashariki, huyu ni nani?

MamaKamati: Habari za jioni wadau. Niko kamati ya ujenzi ya parokia moja ya zamani hapa Dar. Jumanne mafundi walikuwa wanachimba msingi wa uzio nyuma ya kanisa, penye makaburi ambayo misalaba yake ilishaoza. Kwenye futi nne hivi sururu ikagonga fuvu. Kijana akaruka juu, hajarudi shimoni mpaka leo. Tumefunika kwa turubai, serikali ya mtaa na polisi wana taarifa, kwa hiyo msinifokee kwa hilo.

Ugomvi ni huu. Katekista wetu anasema Wakristo wa zamani walilazwa miguu mashariki, ili siku ya ufufuko wainuke wakitazama jua linakochomoza. Huyu ni kichwa ndicho kiko mashariki. Katekista kashatangaza ni Mwislamu aliyetangulia kanisa, na wazee wa msikiti wa jirani wamekuja kuulizia ndugu yao.

Mkunduchi: Pole dada. Katekista ana hoja. Kwa Dar kibla iko kaskazini, hivyo sisi Waislamu maiti wetu analazwa kichwa mashariki, miguu magharibi, kwa ubavu wa kulia. Sasa angalia: amelala ubavu au chali? Halafu jeneza kwetu ni la kubebea tu, linarudi msikitini. Maiti anaingia na sanda yake kwenye mwanandani (kishimo cha ndani ya kaburi), anazibwa kwa mbao, basi. Hata pale magofuni Kunduchi nilikokulia, kwenye makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa mabakuli ya Kichina (utoto wetu tulichungulia mijusi kwenye matundu ya yale yaliyong'olewa), mbwembwe zote ziko juu ya ardhi.

Sururu_Mstaafu: Nilisoma akiolojia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), siku hizi nauza vipuri vya bodaboda. Mkunduchi kasema kweli, ila kuna kitu katekista kasahau: padri. Desturi ya zamani ya Kanisa Katoliki ilikuwa kumlaza padri kinyume na waumini, kichwa upande wa altare (kwa kawaida mashariki), ili hata kaburini awe anawatazama watu wake. Kwa hiyo kichwa peke yake hakiamui. Tafuteni dalili za jeneza: misumari iliyojipanga mstari, na weusi wa mbao iliyooza kwenye udongo. Msioshe kitu, msing'oe kitu, pigeni picha na rula pembeni. Na waiteni watu wa Idara ya Mambo ya Kale: kwa sheria ya 1964, kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni cha kulindwa. Makanisa makongwe ya hapa mjini, St. Joseph na Azania Front, yenyewe yalianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo kama katekista yuko sahihi, jambo ni zito kuliko uzio wenu.

Chapa_Kazi: Mnasubiri nini, mwageni zege, mvua zinakuja.

Sururu_Mstaafu: Siku ukimwagiwa wewe utasema hivyo?

MamaKamati: Nimerudi. Wataalamu wamekuja asubuhi na brashi, wamekaa shimoni kwa muda wa saa tano. Amelala chali. Misumari kumi na mmoja, imekula kutu, pande zote mbili. Na chini ya mifupa ya mkono, punje nyeusi ndogo ndogo, kama mbegu za papai, zimeshikana na waya mwembamba wa kijani. Rozari. Mzee mmoja wa msikitini alikuwa amesimama ukingoni, akavua kofia, akatuambia, "Basi ni wa kwenu. Mfunikeni vizuri." Katekista anapekua daftari la vifo tangu mchana, hataki hata chai. Uzio tumeupindisha mita mbili.