Tupeane uzoefu: kusubiri majibu ya masta na PhD za sayansi ya chakula, mlikiishije hiki kipindi?

Mpima Maziwa

Habari zenu wadau. Naomba huu uzi uwe wa watu wa sayansi na teknolojia ya chakula, mlioomba masta au PhD nje ama hapa hapa nyumbani, tuambiane kile kipindi cha kusubiri majibu mlikiishije. Nyuzi za namna ya kuomba zipo nyingi, za barua ya motisha zipo, za IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ndo usiseme, ila hiki kipindi cha katikati ambapo umeshatuma kila kitu na hakuna unachoweza kuongeza wala kupunguza, watu hawakizungumzii kabisa, na kiukweli ndo kinachotumaliza.

Mimi nimemaliza SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, niko kiwandani idara ya ubora, upande wa maziwa. Asubuhi gari likiingia napima uzito wa maziwa kwa laktomita, nafanya kipimo cha alkoholi kuona kama yanaganda, naangalia asidi kabla sijaruhusu washushe, na muda wote huo akili iko kwenye simu. Niliomba Marekani kwa dedilaini za Desemba, na Ubelgiji nimeomba pia. Sasa hivi ni Machi na potali zote zinasema maombi yanapitiwa, neno hilo hilo tangu Januari. Kinachonitesa zaidi ni masaa, kwa sababu kule mashariki ya Marekani wakifunga ofisi saa kumi na moja jioni huku kwetu ni saa sita au saa saba usiku, kwa hiyo wewe ukilala ndo wenzako wanatuma barua. Nimeshakuwa mtu wa kushtuka usiku kuangalia imeili alafu naingia zamu ya asubuhi sijalala.

Nyumbani nako wanauliza kila Jumapili. Mzee wangu alinichangia hela ya maombi, na mnajua chuo kimoja tu ni dola 75 mpaka 100 na zaidi, bado kutuma matokeo ya mtihani wa Kiingereza, kwa hiyo ana haki kabisa ya kuuliza na mimi sina cha kumjibu. Rafiki yangu wa takwimu tuliyemaliza mwaka mmoja ameshapata ofa tangu Februari. Mimi kimya. Naomba mliopita hapa mseme, na ambao hamkupata mseme pia, nawaomba sana.

Mkongwe wa Moro

Mdogo wangu pole, na usijilinganishe na mtu wa takwimu maana sisi mambo yetu yanaenda tofauti, ngoja nikueleze kwa kirefu kwa sababu mimi nilikonda bure mwaka 2019 kwa kukosa mtu wa kunieleza.

Idara nyingi za chakula Marekani, masta ya utafiti na PhD hauchukuliwi na idara peke yake, lazima awepo profesa aliyekubali kukuweka kwenye maabara yake na mara nyingi yeye ndo analeta hela ya kukulipa. Ile nafasi ya msaidizi wa utafiti ndo inabeba ada na posho yako, wewe unafanya kazi mpaka masaa 20 kwa wiki, na viza ya mwanafunzi hairuhusu uzidishe hayo masaa wakati wa muhula. Sasa hela ya profesa inatoka kwenye miradi, serikali, vyama vya wakulima, makampuni, na mradi usiposainiwa hata kama ana hamu na wewe hawezi kusema ndiyo. Kwa hiyo kamati inaweza kulipitia faili lako Januari, ikasema huyu anafaa, alafu faili likakaa. Halijakataliwa, linasubiri mtu mwenye hela. Potali haiwezi kukuambia hayo, potali itaandika inapitiwa mpaka mwisho.

Mimi nilikaa hivyo hivyo mpaka Machi inaisha. Aliyenitoa ni dada mmoja alikuwa anamalizia PhD kule, akaniambia mwandikie profesa uliyemtaja kwenye barua yako, ila usimuulize hali ya maombi, hilo swali ni la ofisi ya udahili. Mwandikie kuhusu kazi. Nilikuwa kwenye kiwanda cha unga, nikamwandikia aya fupi mbili, kwamba tunapokea mahindi yenye unyevu mkubwa msimu wa mvua na tunaona uvundo kwenye magunia ya chini, na kwamba nimesoma kazi yake ya ukaushaji na ningependa kujua kama msimu huu ana nafasi ya mwanafunzi yenye ufadhili. Alijibu haraka kuliko nilivyotegemea. Akasema faili langu ameliona na amelipenda, kuna mwanafunzi mwingine ameshapewa nafasi na bado hajajibu, nisubiri baada ya tarehe 15 Aprili.

Hiyo tarehe ishikeni wote mnaoomba Marekani. Vyuo vingi kule vimekubaliana kupitia baraza lao la vyuo vya uzamili kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Maana yake wale vichwa wenye ofa kadhaa mkononi wanazishikilia mpaka siku hiyo, wengine mpaka jioni yake, alafu wanachagua moja na zile nyingine zinarudi mezani. Mimi ofa yangu ilitoka wiki ya mwisho ya Aprili, wakati nyumbani wameshaacha kuuliza. Kwa hiyo Machi kimya ni kawaida, na Aprili mwanzoni kimya ni kawaida zaidi.

Mwana wa Makueni

Salamu kutoka Kenya. Yangu ni tofauti na inauma bado, lakini acha niseme kwa sababu kuna mtu itamsaidia.

Nilimaliza Egerton pale Njoro, food ndiyo kozi niliyoitaka tangu nikiwa sekondari. Kwetu ni Makueni. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto wakati watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu, walioorodheshwa kuugua walikuwa 317 na 125 wakafa, wengi wakiwa wa kwetu na Kitui, na hata leo mama yangu huwezi kumpikia githeri ya mahindi yaliyonyeshewa. Kwa hiyo nilipoomba masta Marekani sikuomba kitu kingine, niliomba ukaushaji na uhifadhi wa mahindi, na nilipata profesa ambaye mradi wake ulikuwa wa kitu hicho hicho na ulikuwa unafanya kazi huku kwetu.

Januari 2025 aliniambia kwa video kwamba ananichukua, tungojee tu barua rasmi ya chuo. Mradi ulikuwa unalipwa na USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Tarehe 20 mwezi huo huo ikatoka amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani, na ile barua rasmi haikuja. Nilikaa nikirifreshi hiyo potali asubuhi, mchana na usiku. Mwishowe profesa akaniandikia mwenyewe, ujumbe mrefu, akasema mradi umefungwa, wafanyakazi wake wamepewa barua za kuachishwa, na hana njia ya kunilipa. Sijamlaumu hata siku moja, yule mama alikuwa anapoteza kazi ya miaka na bado alipata nafasi ya kunieleza mimi ambaye hata hajawahi kuniona ana kwa ana.

Sai niko Juja, chuo cha JKUAT, nafanya masta yangu juu ya mahindi bado, na yule profesa ndiye mmoja wa wanaoniandikia barua za mapendekezo ya PhD. Lakini yule anayengoja ofa mwaka huu, ukipata mazungumzo na profesa, muulize kwa adabu: pesa ya nafasi hii inatoka wapi na imehakikishwa mpaka mwaka gani? Hakuna profesa wa maana atakasirika. Ndiyo ya mdomo si ofa, ngoja barua iliyo na kiasi cha posho.

Bi Mdogo

Dah, kaka wa Makueni pole sana aisee.

Mimi nipo upande wa Uingereza kidogo. Huko barua ya chuo inaweza kuja ndani ya wiki chache, ofa ya masharti, leta cheti leta IELTS, kwa hiyo presha ya chuo ni ndogo, presha iko kwenye ufadhili. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanafungua dirisha Agosti, intavyu zinaanza kama Februari mpaka Aprili, na majibu ya mwisho ni kuanzia Juni. Hesabuni wenyewe. Karibia mwaka mzima umeshika barua ya chuo ambayo huwezi kuilipia. Kingine, Chevening wanataka masaa 2,800 ya uzoefu wa kazi, kwa hiyo mliopo viwandani msiache kazi wakati mnasubiri eti mjiandae, hayo masaa ya zamu yanahesabika.

Mama Naa wa Ghent

Jamani nimeusoma huu uzi nikajiona mimi. Niko Ubelgiji kwenye masta ya teknolojia ya chakula inayoendeshwa na KU Leuven na Ghent kwa pamoja, kwa ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la ushirikiano la vyuo vya huku Flanders.

Mpima Maziwa, kwa kuwa umeomba na huku, jua mapema kwamba majibu yanakuja mara mbili. Kuna la chuo kukukubali, na kuna la ufadhili, na la kwanza bila la pili kwa mtu kama mimi wa mshahara wa kawaida halinipeleki popote. Kwangu la chuo lilitangulia. Mume wangu akafurahi, akamwambia mama mkwe, mama mkwe akatangaza kanisani, nikaanza kupongezwa na watu, wengine wanaleta zawadi za mtoto eti tunaondoka, na mimi najua hela sijapata. Kipindi kile kilikuwa kigumu kuliko kile cha kimya. Nilimwambia mume wangu tukae chini tukubaliane, mtu akiuliza tunajibu bado tunasubiri, basi. Ilinipunguzia mzigo mkubwa sana.

Na kitu nilichofanya ambacho nashukuru mpaka leo, nilirudi kwenye hesabu. Hii kozi mwaka wa kwanza ina uhandisi wa kutosha, uhamishaji wa joto, hesabu za kuua vijidudu kwa joto na muda, takwimu, na sisi tuliotoka kazini tumesahau. Usiku mtoto akilala nilikuwa nachukua madaftari ya mwaka wa pili SUA nafanya maswali. Ilinisaidia kulala pia, maana kichwa kilikuwa na kazi nyingine. Nilipofika huku kuna wenzangu walipata shida mno kwenye hiyo mitihani, mimi nilipita.

Nipo Tengeru

Umesema na ambao hawakupata waseme. Mimi sikupata. Vyuo vyote vya nje nilivyoomba vilinikataa, majibu yalikuja kwa mfululizo mwezi wa nne, mistari michache tu, waombaji walikuwa wengi na wenye sifa nk. Nililia, sifichi.

Niko Arusha sasa, Taasisi ya Nelson Mandela, nafanya masta ya chakula na lishe, na utafiti wangu ni wa karanga na mahindi ya Dodoma, huko huko ambako mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu kwenye vijiji vya Dodoma na Manyara. Nakaa na akina mama wa kule, naangalia wanavyoanika chini, wanavyochambua, mbovu zinaenda wapi (haziendi jalalani ndugu zangu, zinaenda kwenye pombe na kwenye chakula cha kuku). Ni kazi ninayoipenda kutoka moyoni na sidhani ningeifanya hivi nikiwa mbali.

Ila nilitaka kusema jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, walimu waliowaandikia barua za mapendekezo. Na wao wanasubiri. Nilipokataliwa niliona aibu kumwambia mwalimu wangu, nilipompigia akasema alikuwa anafikiria kuniuliza na anaogopa kunitonesha. Ni yeye aliyenionyesha tangazo la huku. Waambieni walimu wenu matokeo, hata yakiwa mabaya.

Mpima Maziwa

Wakuu, dada zangu, kaka zangu, asanteni, nimesoma yote nikiwa kwenye daladala na nimesoma tena nilipofika. Mama Naa hiyo ya kanisani imenigusa, leo hii hii naongea na mzee. Mwana wa Makueni sina maneno, Mungu akufungulie hiyo PhD.

Mkongwe, nilikusikiliza. Nilimwandikia profesa mmoja kuhusu maziwa tunayoyarudisha getini kwa sababu yamechachia njiani, wakulima wanatoka mbali na hakuna pa kupoozea, na yeye anafanya kazi ya bakteria wanaochachusha maziwa. Amejibu! Anasema bajeti ya mwaka haijapita lakini anataka tuongee kwa video Alhamisi. Sijawahi kufanya intavyu ya namna hii. Huwa wanauliza nini?

Mkongwe wa Moro

Safi sana mdogo wangu. Hatakuuliza maswali ya mtihani. Atataka umweleze kipimo ulichokifanya kwa mikono yako mwenyewe, hatua kwa hatua, na ulifanya nini majibu yalipokuja ya ajabu, kwa hiyo chagua kimoja unachokijua vizuri, hicho kipimo cha alkoholi kinatosha kabisa, eleza kwa nini maziwa yanaganda na nini kingine kinaweza kuyagandisha mbali na kuchacha. Atauliza kwa nini maabara yake, soma machapisho yake mawili ya karibuni mpaka uelewe jedwali. Atauliza utaanza lini. Na mwisho atasema una swali, hapo ndo unauliza lile la Makueni la hela inatoka wapi.

Hakikisha una bando la kutosha na ukae mbali na mashine za kiwandani. Na muulize muda anaosema ni wa kwao au wa kwetu, wao masaa wanayabadilisha Machi. Jumatano usiku nina nafasi, nitumie namba yako inboksi tufanye mazoezi, mimi nitakaa upande wa profesa.