Stendi za begi la ngumi zinazouzwa Kariakoo: "inabeba kilo 100" ndiyo hii iliyomwangukia mdogo wangu?

Wakuu, salaam.

Niseme wazi bila kuzunguka: hizi stendi za kutundikia begi la ngumi zilizojaa Kariakoo siku hizi, nyingi hazifai hata kuanikia nguo. Ni paipu nyembamba zilizopakwa rangi nyeusi, zikatiwa kwenye boksi lenye picha ya jamaa mwenye misuli, na ubavuni pameandikwa kilo 100. Tunauziwa kwa bei ya maana, na watu wanaumia.

Niliinunua kwa ajili ya mdogo wangu wa kike anayejifua nyumbani. Kuna watakaouliza kwa nini tusingetundika begi darini. Nyumba zetu nyingi hapa Dar juu ni bati, chini yake kenchi za mbao na jipsamu. Begi la kilo 40 ukilining'iniza kwenye kenchi likaanza kupigwa, misumari inalegea, jipsamu inapasuka, na kama umepanga, mwenye nyumba anakutolea vyombo nje. Mpangaji hana ujanja, lazima anunue stendi. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanatuuzia chochote.

Sasa sikieni. Tumefungua boksi, karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu, matundu ya paipu la juu hayakutani na matundu ya nguzo. Bolti inaingia kwa kugongwa na nyundo. Tukaja kwenye kukaza. Spana namba 17, nati inazunguka vizuri, halafu paipu lenyewe likaanza kubonyea pale kwenye tundu kabla bolti haijashika. Nimeshika tochi ya simu nikaangalia kwa karibu: chuma kimeingia ndani kama kopo la soda, na rangi imebanduka kwa magamba. Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani akapima ukingo wake akasema hiyo ni geji 18, yaani unene wa milimita moja na ushee. Nikampigia muuzaji hapo hapo. Jibu lake: "Kaza tu kaka, ndivyo zilivyo, itashika."

Na hiyo kilo 100 yenyewe ni ya nini? Labda ni kilo 100 zilizoning'inia zimetulia tuli. Begi la ngumi halitulii! Likipigwa linayumba, na likiyumba linavuta stendi kwa upande, siyo kwenda chini peke yake. Likipigwa apakati, yaani ngumi ya kutoka chini kwenda juu, linanyanyuka kidogo kisha linashuka kwa kishindo kwenye mnyororo, na kishindo hicho kinazidi uzito wa begi. Anayeuza vifaa vya ngumi asiyelijua hili akauze vitu vingine. Anayelijua akanyamaza, huyo ni tapeli.

Kilichotokea ni kwamba mguu wa nyuma ulinyanyuka, nati ya juu ikaachia, na paipu la juu likamshukia mdogo wangu begani. Nashukuru Mungu haikupiga kichwa. Bega limevimba, kifundo cha mkono kimeteguka, na mazoezi yamesimama.

Nimerudi dukani na risiti mkononi. Wa kwanza akasema tumekosea kufunga. Wa pili, anayeonekana ndiye bosi, akasema tulitakiwa tuweke uzito kwenye miguu. Uzito gani? Ule wa kuvalisha kwenye vile vyuma vya chini haumo ndani ya boksi, haujaandikwa kwenye boksi, na wakati wa kuuza hakuna aliyeutaja. Mwisho akanyoosha kidole kwenye maandishi ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hapa ndipo damu iliponichemka. Maandishi hayo hayafuti sheria ya nchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ipo, na inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi aliyoambiwa na mnunuzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Mimi nilimwambia muuzaji kinywa kwa kinywa kwamba stendi ni ya kupigia begi la kilo 40, naye akaniitikia.

Kinachoniuma zaidi ni wakati wanaoutumia. Mwaka 2022 mabondia wetu Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walileta medali za shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, Uingereza. Watoto wamehamasika, mabinti wamehamasika, wazazi wanajikamua wanunue glovu na begi. Halafu mtu anaona hapo pa kupitishia takataka zake!

Kwa wanaotaka kununua wiki hii, tafadhali msibebe boksi bila kufunguliwa. Shikeni paipu, angalieni unene wake mwishoni kwenye tundu. Fundi wangu anasema kwa kazi hii asingeshuka chini ya milimita 2, na kona zote angezichomelea au kuzitia kipande cha kukaza kwa mshazari. Kama stendi ni ya kitako cha plastiki cha kujaza, jazeni mchanga mkavu, maji hayatoshi: ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, ya mchanga inavuka kilo 30. Na begi nalo likague. Mengine yamejazwa mchanga mtupu, unashuka chini unakuwa jiwe, unavunja vifundo vya watoto. Begi zuri linashindiliwa vitambaa.

Jina la duka siliweki hapa kwa sasa. Stendi nimeiacha kama ilivyoanguka, picha za tundu lililobonyea ninazo, risiti ninayo, karatasi ya hospitali ninayo. Jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani kufungua malalamiko. Kama nawe umeuziwa stendi ya namna hii na ikakuangukia, weka hapa chini iliandikwa kilo ngapi na muuzaji alikujibu nini, maana nataka nikiingia pale nisiingie na kesi moja.