Waliowahi kusafiri kwenda kongamano la kitaaluma, tupeane uzoefu wa safari

Mwalimu_wa_Zamu:
Wakuu, heshima kwenu. Jana jioni mwanafunzi wangu wa uzamili kanipigia simu anapiga kelele mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Ikisiri yake, yaani muhtasari wa utafiti wake, imekubaliwa kwenye kongamano, binti anakwenda kuwasilisha nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Nikafurahi naye. Nilipokata simu, tumbo likanicheza, maana nilikumbuka ya kwangu.

Mimi nilikuwa na barua ya mwaliko, nikaona barua ni barua. Nimefika dirishani ubalozini, yule dada akachukua kalamu ya risasi, akazungushia duara sehemu tatu. Majina yangu yameandikwa mawili, pasipoti ina matatu. Namba ya pasipoti haipo. Halafu hakuna mstari unaosema nani analipia malazi. Akanirudishia kwa upole kabisa. Barua mpya ilichukua siku kumi na moja, kwa sababu huko kwa waandaaji aliyeandika barua alikuwa mtu mmoja na sisi tulikuwa mamia. Viza ilitoka mkutano umeshafungwa.

Naomba kila aliyesafiri aseme lililomkuta. Nitamtumia binti uzi wote.

Wino_Mbichi:
Barua ya mwaliko! Umenigusa penyewe.

Daftari_Kubwa:
Mwalimu, aombe barua leo. Kama ni nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini wanaruhusiwa kuvuta mpaka 45. Anayepeleka wiki tatu kabla anacheza pata potea. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, iwe na kurasa 2 tupu, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Hiyo ya pasipoti ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu mtu akiona haijaisha anadhani inafaa.

Na asilipe ada ya usajili kabla ya viza kutoka. Mimi nililipa, nikanyimwa viza, na hela haikurudi.

Kiti_cha_Mbele:
Daftari, hapo unampoteza mtoto wa watu. Waandaaji wengi hawakupi barua ya mwaliko mpaka waone umelipa usajili. Sasa asilipe, barua ataitoa wapi?

Daftari_Kubwa:
Nimesema lililonikuta. Wewe ulirudishiwa?

Kiti_cha_Mbele:
Nilirudishiwa, nikakatwa kidogo, kwa sababu nilisoma masharti kabla ya kulipa na nikawaandikia siku ileile niliponyimwa. Ubaya wa kulipa uko kwenye kulipa bila kusoma.

Daftari_Kubwa:
Basi sema hivyo tangu mwanzo, kaka. Asome kipengele cha kurejeshewa, alipe, aweke risiti. Lakini wapo wasiorejesha hata senti, na hilo usilifiche.

Bango_Wima:
Tuje kwenye mabango ya kuonyesha utafiti. Waandaaji wakisema A0, hiyo ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Bado hujamaliza: aulize ni wima au mlalo. Langu nililichapa mlalo, ubao ulikuwa wa wima. Likaning'inia robo nzima nje, na jirani yangu akalazimika kusogeza lake. Siku mbili nasimama pale naomba radhi kwa kila anayepita.

Msomi_Mtembezi:
Achape kwenye kitambaa. Unakikunja kama shati, kinaingia kwenye begi la mkononi, hakuna habari ya kubeba bomba la kuwekea bango.

Bango_Wima:
Kitambaa maandishi madogo yanafifia. Grafu zangu zina mistari myembamba, zingepotea zote. Karatasi.

Msomi_Mtembezi:
Karatasi ikilowa je? Nimeona kwa macho yangu mtu anafungua bomba, bango limegeuka uji.

Mlango_wa_Kumi:
Nasoma hapa mikono inatetemeka. Nilikuwa nimejiapiza sitasimulia hili, ila kwa ajili ya huyo binti acha niseme.

Tiketi yangu iliandikwa tarehe 12, saa 00:30. Mimi kichwani nikashika "tarehe 12 usiku". Tarehe 12 nikashinda nafanya mazoezi ya wasilisho mbele ya kioo, jioni nikaoga, nikaaga watu, saa tatu usiku niko kaunta na bomba la bango begani. Dada wa kaunta akaingiza jina langu. Akaliingiza tena. Akamwita mwenzake, wakaangalia pamoja, hawasemi. Kisha akaigeuza skrini upande wangu, akaweka kidole kwenye tarehe: "Ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo. Imeshatua huko tangu mchana."

Nikaiangalia saa ya ukutani. Nikaiangalia tiketi. Bado sielewi. Saa sita na nusu usiku ya tarehe 12 ni dakika thelathini tu baada ya tarehe 11 kuisha! Nilitakiwa niwe uwanjani jioni ya tarehe 11, siku ambayo mimi nilikuwa kitandani saa tatu.

Nikaomba angalau wanitunzie tiketi ya kurudi. Akasema kwa kuwa sikutokea kwenye kipande cha kwanza, mfumo umefuta safari yote, kwenda na kurudi. Nikakaa chini palepale sakafuni. Wasilisho langu lilikuwa tarehe 13 saa nne asubuhi.

Nitaendelea, ngoja nipate pumzi.

Wino_Mbichi:
Mkuu usituache hapo!

Dada_Maabara:
Mlango, pole sana. Nimesoma nikaenda kufungua tiketi yangu ya mwezi ujao kuangalia saa.

Mzee_Kamusi:
Ndiyo maana nasema tumeacha hesabu ya wazee. Kwa Kiswahili cha asili siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Angeshika hivyo, "usiku wa tarehe 12" ungekuwa uleule wa ndege, asingekosea.

Kiti_cha_Mbele:
Mzee, kwa hesabu hiyo ndege ya saa tatu usiku tarehe 12 angeifuata siku moja kabla. Kwenye tiketi tarehe inabadilika saa sita usiku, tusimchanganye binti. Aandike kwenye kalenda siku ya kutoka nyumbani, wala siyo saa ya ndege.

Mzee_Kamusi:
Sijamchanganya mtu. "Usiku wa kuamkia" ni maneno ya Kiswahili na yametimia. Akiyatumia hakosei kamwe.

Kiti_cha_Mbele:
Hapo nakubali, mzee wangu.

Posho_Ndogo:
Mimi niongeze la risiti. Kama chuo kinarejesha gharama, tunza hata kile kipande cha kadi ya kupandia ndege. Mhasibu aliniomba vipande vyote vinne, nilikuwa na vitatu. Piga picha kila karatasi siku unayoipata, wino wa risiti za mashine unafutika.

Msomi_Mtembezi:
Mlango yuko wapi? Lete mwendelezo.

Mlango_wa_Kumi:
Nimerudi. Dada yangu wa tumbo moja alikopa usiku ule ule, tukapata tiketi mbili tofauti, za kampuni mbili, kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi. Hapo nikaingia shimo la pili. Tiketi zikiwa tofauti, mara nyingi begi haliendi moja kwa moja. Unatakiwa ushuke njiani, upite uhamiaji, ulichukue, ulikabidhi upya. Mimi sikuwa na viza ya nchi ile ya katikati. Afisa akanikatalia kupita, na kwa haki yake. Ndege ya pili ikaita, nikapanda. Begi likabaki linazunguka kwenye mkanda upande wa pili wa kioo. Nililiona, jamani. Lilikuwa na utepe mwekundu.

Nikafika na nguo nilizovaa, bomba la bango, na fleshi shingoni. Kikao changu kilishapita. Ila nikiwa njiani nilikuwa nimemwandikia mwenyekiti wa kikao barua pepe fupi, mistari minne: nimechelewa, nafika saa fulani, nina dakika kumi na mbili, naomba nafasi yoyote. Hilo ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa safari nzima. Akaniweka mwisho wa kikao cha alasiri. Nikawasilisha na fulana iliyokunjamana, watu kumi na tisa ukumbini, wakauliza maswali saba. Niliyaandika yote. Mawili kati ya hayo ndiyo yaliyozaa sura ya tatu ya tasnifu yangu.

Binti amwandikie mwenyekiti wa kikao jambo likiharibika. Asione aibu.

Dada_Maabara:
Machozi yamenitoka kwenye utepe mwekundu.

Daftari_Kubwa:
Begi ulilipata?

Mlango_wa_Kumi:
Baada ya siku tisa. Sikudai chochote, sikujua kama inawezekana.

Mshika_Fomu:
Hili kila mtu alijue. Kwa safari za kimataifa nyingi kuna Mkataba wa Montreal wa 1999. Mzigo ukiharibika, malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Na kabla ya kutoka uwanjani nenda dirisha la mizigo ujaziwe fomu, upewe namba. Kwa Mlango lingekuwa gumu kwa sababu begi hakulichukua mwenyewe pale katikati, lakini kwa anayepotezewa na ndege, hiyo namba ndiyo kila kitu.

Msomi_Mtembezi:
Ndiyo maana mimi sikabidhi begi. La mkononi tu, hata mkutano wa wiki.

Dada_Maabara:
Wewe husafiri na sampuli, Mtembezi. Mimi lazima nikabidhi. Ninachofanya ni kugawa: dawa, nguo ya siku ya kuwasilisha, laptopu na chaja vinakaa na mimi. Pawabenki ni lazima ikae mkononi, kwenye begi la chini hairuhusiwi, na isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) bila ruhusa. Iliyoandikwa mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, hiyo inapita.

Na chanjo ya homa ya manjano kama nchi anayokwenda au anayopitia inaitaka: cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, siyo siku ileile. Wenye kadi za zamani msihangaike, tangu Julai 2016 kinatambulika maisha yote hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Wino_Mbichi:
Hiyo ya siku 10 ilinirudisha nyumbani kutoka uwanjani. Ni kweli tupu.

Bango_Wima:
Eduroam, ule mtandao wa Wi-Fi wa vyuo vya nchi nyingi, aisajili kwenye simu akiwa bado chuoni kwake. Jina la mtumiaji ni pamoja na alama ya @ na anwani ya chuo, siyo jina tupu. Nilishinda siku nzima ukumbini sina intaneti, na wote walionizunguka wameunganishwa, kumbe kosa ni hilo tu.

Mwalimu_wa_Zamu:
Wakuu, Mungu awabariki. Baada ya kusoma ya Mlango nilimpigia binti, nikamwambia anitumie barua yake ya mwaliko na tiketi aliyowekewa. Tiketi ni moja, njia nzima, inaondoka saa nane mchana. Barua ina majina yote matatu, namba ya pasipoti ipo, malazi yapo. Mwaka wa kuzaliwa wamekosea. Ameshawaandikia, wamejibu watatuma nyingine kesho.

Bango_Wima:
Bango lake ni wima au mlalo?

Mwalimu_wa_Zamu:
Ngoja nimpigie tena.