Vibandiko vya gundi ndani ya karavani wakati wa joto kali

Swali

Ndugu zangu, salaam. Tunaishi Phoenix, Arizona, na karavani yetu hukaa juani kiangazi chote ikiwa imefungwa na kiyoyozi kimezimwa, isipokuwa siku tunazosafiri. Ndani yake nimebandika ndoano za taulo, kishubaka cha viungo na rimoti, kwa kutumia velkro na vipande vya gundi vinavyobandulika. Majira ya baridi vyote vilishika imara, lakini joto lilipopanda ndoano ziliteleza polepole ukutani hadi zikaanguka, na velkro ikaacha gundi laini inayonata. Je, ipo gundi inayostahimili hali hii, au nitoboe kuta?

Jibu la 1

Dada, anza na maelezo ya pakiti. Vipande vinavyobandulika vya chapa ya Command, vya matumizi ya ndani, kwa mfano, vimewekewa mipaka ya nyuzi 10 hadi 40 za Selsiasi. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la kilele lilifika nyuzi 43 au zaidi, na hilo ni joto la hewa kivulini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba gari lililoegeshwa juani hufika wastani wa nyuzi 47 ndani kwa saa moja, na dashibodi nyuzi 69. Karavani ni kubwa kuliko gari, lakini ukuta unaopigwa na jua la alasiri hauko mbali na hali hiyo.

Gundi ya kubandika kwa kukandamiza, kama hiyo ya vipande na velkro yako, haigandi kabisa. Hubaki kama uji mzito sana, na ikipata joto huku imebeba mzigo, hutiririka. Zile zenye asili ya mpira hunata upesi lakini hulainika mapema, ilhali za akriliki huchelewa kushika na huvumilia joto zaidi. Kwa hiyo tafuta utepe wa povu la akriliki wa aina ya VHB, yaani utepe imara wenye gundi pande zote mbili. Katika joto la kawaida la chumba hufikia takriban nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu kamili baada ya saa 72. Ubandike, ukandamize kwa nguvu, kisha usiutwike chochote kwa siku tatu.

Jibu la 2

Nakubali kuhusu akriliki, ila nina wasiwasi na ukuta wenyewe. Kuta za karavani nyingi ni plaiwudi nyembamba iliyovikwa karatasi au vinaili (plastiki nyembamba), na gundi ikizidi nguvu ile ya kiwandani, itakayobanduka ni ngozi ya ukuta. Tena vinaili laini huwa na vilainishi ambavyo hupenya taratibu na kuidhoofisha gundi hata pasipo joto kali. Mimi ningebandika kwenye mbao za kabati, kioo au chuma, baada ya kufuta kwa alkoholi ya isopropili na kuacha pakauke.

Kuhusu velkro, kulabu na vitanzi vyake vya nailoni havina tatizo. Kinachoshindwa ni gundi ya mgongoni. Nunua ile ya kushonea, isiyo na gundi, uipigilie pini kwenye mbao za kabati. Joto la ndani halitaisumbua.

Jibu la 3

Naongeza jambo la usalama, na ninalisisitiza: kizima moto na king'amuzi cha gesi visishikwe kwa gundi kamwe. Hivyo, pamoja na kishubaka chenye chupa, vifungwe kwa skrubu kwenye fremu, na skrubu ziwe fupi, kwa sababu nyaya na mabomba hupita ndani ya kuta hizo. Gundi ibaki kwa vitu vyepesi vinavyolala bapa ukutani. Ndoano inayochomoza huvuta utepe kwa ukingo wake wa juu, na huko ndiko gundi huwa dhaifu kupita kote.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Kishubaka nitakifunga kwa skrubu. Ile gundi iliyobaki kwenye vinaili niitoeje?

Jibu la 2

Ifanye asubuhi kukiwa na ubaridi, maana ikiwa na joto itapakaa tu. Isugue kwa kidole hadi ijiviringe, kisha malizia kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usitumie asetoni, huyeyusha vinaili.