Tupeane uzoefu: ulijifunzaje mchezo wa msituni, ule wa tembo na panya?

MtiMkavu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Jana watoto wa dada yangu nusura wazipige. Mmoja panya wake alikuwa mtoni, akamtoa moja kwa moja na kumla tembo wa mwenzake aliyesimama ukingoni. Mwenzake akasema hairuhusiwi, akakusanya kete zote akazikalia. Nimesimama mlangoni nikakumbuka mbali sana, maana ugomvi huo huo niliwahi kuugombana na kaka yangu tukiwa na umri wao.

Nazungumzia ule wa Wachina, Dou Shou Qi, visanduku 7 kwa 9, kila mtu ana wanyama 8 na mito miwili ipo katikati. Tuambiane ulijifunzaje, nani alikufundisha, na siku gani uliumia zaidi. Na wenye mbinu wazimwage hapa, hawa watoto nataka niwafundishe vizuri.

SimbaWaPembeni
Umenigusa kidonda mkuu. Mimi nilifundishwa na binamu yangu, na alinifundisha nusu. Aliniambia tembo ni 8, simba 7, chui milia 6, chui 5, mbwa mwitu 4, mbwa 3, paka 2, panya 1. Mkubwa anamla mdogo, wanaolingana wanakulana, panya anamla tembo. Simba na chui milia wanaruka mto. Ukiingia kwenye pango la mwenzako umeshinda. Kuhusu vile visanduku vitatu vinavyozunguka pango hakusema neno. Mimi nikajua ni urembo wa ubao.

Basi tukacheza mbele ya watu, sebule imejaa. Nikamleta simba wangu ukingoni, nikaona mto uko wazi, nikaruka nikatua juu ya chui wake nikamla. Watu wakapiga kelele. Kutoka pale hadi pangoni ni hatua tatu tu. Binamu hakushtuka. Akamsogeza paka wake kisanduku kimoja kuelekea katikati, basi. Nikaona huyu amekata tamaa, paka atamfanya nini simba? Nikasonga hatua moja. Yeye akaenda kusogeza kete nyingine kabisa huko pembeni, kama mtu asiye na haraka. Nikamwingiza simba kwenye kisanduku kilicho mbele ya pango, bado hatua moja nishinde, nimeshaanza kunyanyuka kwenye kiti.

Akachukua paka. Namba 2. Akamla simba wangu namba 7 huku ananiangalia usoni. Nikapinga, nikaita mashahidi. Ndipo akanisomea ile karatasi ya maelekezo aliyokuwa ameikalia muda wote: mnyama akiingia kwenye mtego wa adui nguvu yake inakuwa sifuri, yeyote anamla. Sebule nzima ilicheka. Hadi leo nikikutana naye namwambia ile mechi siihesabu.

KobeMwendo
La paka na mtego limewakuta wengi. Pole.

NgomaYaUsiku
Binamu yako hakukutendea haki hata kidogo. Kumfundisha mtu sheria nusu ili umpige si mchezo. Mimi namfundisha mgeni mitego kwanza, hata kabla ya majina ya wanyama.

BintiMtaratibu
Nilijifunzia kwa kutazama, sikufundishwa na mtu. Kilichonifungua macho ni jinsi wanyama wanavyopangwa mwanzoni. Tembo wako anakaa mbele ya chui milia, panya wako mbele ya simba. Sasa angalia upande wa pili: tembo wako ametazamana uso kwa uso na panya wa adui, kwenye njia ile ile ya nchi kavu, na panya wako vivyo hivyo ametazamana na tembo wake. Yaani mchezo haujaanza na tembo tayari yuko hatarini. Wengi wanaoanza wanamkimbiza tembo mbele kwa sababu ni mkubwa. Mimi tembo namwacha nyuma kwanza hadi nijue panya wa mwenzangu anaelekea wapi.

PanyaWaMtoni
Dada, nyuma tena? Tembo wa nyuma ni kete iliyokufa. Mpeleke mbele, panya akija mpishe. Anatembea hatua moja kama wengine wote, hana mabawa.

BintiMtaratibu
Mpishe wapi, mkuu? Tembo haogelei. Njia ya pembeni ina upana wa kisanduku kimoja, mto upande mmoja, ukingo wa ubao upande wa pili. Panya akija mbele yako unarudi nyuma tu, na kila ukirudi yeye amepata hatua ya bure.

PanyaWaMtoni
Sawa, hapo umenishika. Lakini panya wa adui akija nchi kavu, mwite chui au mbwa amle. Hata paka anamtosha. Panya ana nguvu kwa tembo tu, kwa wengine wote ni chakula.

Halafu nitoe na yangu, jina langu lenyewe linasema. Mimi panya wangu anaingia mtoni mapema na hatoki. Akikaa katikati ya mto, simba na chui milia wa adui hawawezi kuruka juu yake, si kwa urefu wala kwa upana kwenye mstari wake. Nimeshinda mechi nyingi panya wangu hajala hata kete moja.

MtiMkavu
Hebu hapo hapo. Panya akiwa majini anaweza kumla tembo aliye ukingoni au hawezi? Watoto bado wamenuna.

PanyaWaMtoni
Hawezi. Atoke kwanza nchi kavu, halafu zamu inayofuata ndiyo ale.

MchezajiHuru
Anaweza. Nimecheza hivyo miaka yote na sijawahi kupingwa.

NgomaYaUsiku
Hujapingwa kwa sababu unacheza na wasiojua. Aliye majini hamli aliye nchi kavu, na aliye nchi kavu hamli aliye majini. Ndiyo maana panya mtoni yuko salama kabisa, anayeweza kumgusa ni panya mwenzake aliye majini. Sasa ukimruhusu pia arukie nchi kavu na kula tembo, umempa kinga na silaha kwa wakati mmoja. Mchezo unakufa hapo.

MchezajiHuru
Mchezo haujafa popote, sisi tunaufurahia. Na tembo kwetu anamla panya, mtasemaje?

NgomaYaUsiku
Hilo ni suala jingine, na hapo nakubali watu wanatofautiana. Wengine wanasema tembo anamla panya kama mnyama mwingine yeyote, wengine wanasema hamgusi kabisa kwa kuwa panya anamwingia sikioni. Mimi nacheza la pili. Ila la maji siachi.

KobeMwendo
Andikeni kwenye karatasi kabla ya kuanza. Tumalize.

UbaoMweusi
Samahani nitaandika ndefu. Nimeusoma uzi huu toka juu nikashindwa kupita kimya.

Mimi huu mchezo nilifundishwa na baba yangu akiwa hawezi kuongea. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka yote. Alikuwa mtu wa kuongea sana, mkorofi kwenye mabishano, halafu ghafla anakutazama tu. Tuliporudi naye nyumbani mtu wa mazoezi akatuambia tumtafutie shughuli ya mikono na ya kufikiri. Kabatini kwake kulikuwa na ubao huu, alikuwa akicheza na rafiki zake zamani. Sisi watoto hatukuwahi kuujua, karatasi ya maelekezo ilishapotea.

Nikaupanga nilivyoona inafaa. Akautazama, akaanza kuhamisha kete kwa mkono wa kushoto, moja moja, polepole, hadi zikakaa anavyotaka. Halafu akanisukumia ubao: anza. Nikamchukua tembo nikamweka mtoni. Akaushika mkono wangu pamoja na tembo akaurudisha. Nikajaribu simba aogelee, akanirudisha. Nikamchukua mbwa, akanirudisha. Nilipomgusa panya akaniacha. Basi nikajua, mtoni ni panya peke yake.

Sheria zote nilizipata hivyo. Nikigusa pango langu mwenyewe kwa kete yangu, anapiga ubao kwa kidole, hapana. Siku niliyotaka kuruka mto na chui milia huku panya wangu mwenyewe yumo majini njiani, akanizuia. Nikabishana naye, nikamwambia huyu ni panya wangu, si wako! Akamchukua panya akamwinua juu machoni pangu, akamrudisha majini pale pale, akamchukua chui milia akamrudisha alikotoka. Nikaelewa kwamba panya ni panya, awe wa nani. Na alinishinda, wakuu. Mtu asiyeweza kusema jina langu alinishinda jioni baada ya jioni, na kila akishinda ananinyooshea mkono wa kushoto nimpe wangu.

Kwa hiyo MtiMkavu, la watoto wako nalijibu hivi: baba yangu hakuwahi kuniruhusu kula tembo kutoka majini. Kila mara alimwinua panya, akamweka kwanza ukingoni.

BintiMtaratibu
Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kukaa naye. Mzee anaendeleaje?

UbaoMweusi
Anaongea sasa, kidogo, maneno yanakuja kwa taabu. Mguu bado mzito. Akitaka tucheze anagonga meza.

SimbaWaPembeni
Mimi na malalamiko yangu ya binamu nimejiona mdogo. Mpe mzee salamu zetu.

NgomaYaUsiku
Mwambie huku kuna watu wanamuunga mkono kwenye la maji.

MchezajiHuru
Kwa heshima ya mzee la maji nimeacha. La tembo kumla panya silegezi.

DraftiTu
Nawasoma tu. Mzee apone, nasema kwa dhati. Lakini kwa ujumla huu ni mchezo wa watoto, wanyama wamechorwa kila mahali. Anayetaka kufikiri acheze drafti au sataranji.

PanyaWaMtoni
Kuwa na picha za wanyama kunapunguza nini akili ya mchezo?

JiweLaPembe
Ndugu DraftiTu, kuna mchezo unaitwa Arimaa. Nao una wanyama: tembo, ngamia, farasi, mbwa, paka na sungura. Aliyeubuni ni Omar Syed, mhandisi wa kompyuta, baada ya kompyuta ya Deep Blue kumshinda Garry Kasparov kwenye sataranji mwaka 1997. Alitaka mchezo ambao mtoto wake mdogo angeuelewa lakini kompyuta isiuweze, na unachezwa kwa ubao na kete zile zile za sataranji. Akaweka zawadi kwa programu itakayowashinda wachezaji bora, na zawadi ile ilikaa hadi 2015 ndipo ikachukuliwa. Mimi nilianza na Dou Shou Qi nikahamia huko, na nilichokuta ni kwamba macho yangu yalikuwa tayari yamezoea: nani ana nguvu kuliko nani, nani amekaribia mtego. Arimaa nayo ina mitego minne, na mnyama wako akisukumwa humo bila rafiki pembeni yake anaondoka ubaoni.

DraftiTu
Hilo la 2015 sikulijua. Nitautafuta huo. Bado drafti ni drafti.

MamaWaWatatu
Turudi kwenye watoto jamani. Mimi wangu niliwaanzisha na Bagh Chal wa Nepal, chui milia wanne dhidi ya mbuzi ishirini, kwa sababu kila upande una kazi moja tu, wa kula na wa kuzingira. Walipoizoea ndipo nikawaletea huu wenye mito. Wa mwisho alikuwa mdogo sana, nikampunguzia wanyama, tukacheza na simba, chui milia, tembo na panya tu. Alijua kuruka na kuogelea kabla hajajua kuhesabu namba zote. Usimwage sheria zote siku moja, mtoto atachoka.

NgomaYaUsiku
Nakataa. Sheria zote siku ya kwanza. Umeona yaliyompata SimbaWaPembeni.

MamaWaWatatu
Yule alifichwa ili apigwe. Mimi siwafichi, nawapunguzia mzigo. Hizo ni tabia mbili tofauti kabisa.

SimbaWaPembeni
Mama amesema kweli. Ningejua kuna kitu bado sijafundishwa, nisingemkimbiza simba vile.

KobeMwendo
Mbinu yangu moja: usimtoe mbwa na paka wote wawili nyumbani. Watu wanawadharau kwa sababu ya namba, kumbe hao ndio walinzi. Adui yeyote akikanyaga mtego, paka aliye jirani anamtosha hata akiwa tembo.

PanyaWaMtoni
Mimi nawatoa wote. Nikishambulia sawasawa adui hapati muda wa kufika kwangu.

KobeMwendo
Siku ukikutana na mwenye subira utarudi kutusimulia.

MtiMkavu
Nimepata mengi, asanteni. Leo nimewakalisha, nikawaonyesha la maji kama mzee alivyoonyesha, kwa kumwinua panya na kumweka ukingoni. Yule mkubwa amekubali kwa shingo upande. Sasa wameibuka na jingine: kete yangu ikikaa kwenye mtego wangu mwenyewe, nguvu inashuka?

NgomaYaUsiku
Haishuki. Mtego unamdhuru adui tu.

MtiMkavu
Na chui wa kawaida, anaruka mto?

UbaoMweusi
Nilimjaribu, baba akanirudisha.

MchezajiHuru
Kwetu anavuka kwa upana. Kwa urefu hapana.

NgomaYaUsiku
Haya, tumeanza tena.