Wauzaji wa NAS Dar es Salaam wanatuuzia diski chakavu na kutuhakikishia kwamba tayari tuna bakapu

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, ipo jirani na bandari, ina wafanyakazi wachache, na kazi yetu kuanzia asubuhi hadi jioni ni nyaraka: hati za shehena, ankara za wateja, matamko ya forodha, stakabadhi za malipo, barua za misamaha ya kodi. Zote zilikuwa ndani ya mashine moja ya NAS, yaani kisanduku cha diski kinachotunza mafaili ya ofisi nzima kupitia mtandao, yenye diski nne, tuliyouziwa na kufungiwa na duka moja la Kariakoo ambalo kwa sasa silitaji jina kwa kuwa malalamiko rasmi yanaandaliwa. Mashine hiyo bado inawaka, lakini hakuna faili hata moja linalofunguka.

Kwenye proforma waliandika kwamba tunanunua seva ya mafaili "pamoja na bakapu ya uhakika". Bakapu waliyokuwa wakiizungumzia ni RAID 5. Kwa wasioifahamu, RAID 5 hutawanya data katika diski zote pamoja na hesabu za ziada, ili diski moja ikifa yaliyomo yaweze kukokotolewa kutoka kwenye zile zilizobaki. Ukiwa na diski nne za terabaiti 4, unapata nafasi ya terabaiti 12, na unavumilia kifo cha diski moja. Basi. Haikulindi mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, haikulindi mwizi akiondoka na mashine, haikulindi ofisi ikiungua au ikiingia maji, na haikulindi diski ya pili ikifuata ya kwanza. Mtu anayeziuza mashine hizi kila siku analijua hilo, au kama halijui basi hana haki ya kuziuza.

Diski ya kwanza ilikufa na mashine ikaendelea kufanya kazi kama ilivyoundwa, na sisi hatukujua lolote. Mashine za aina hii zina njia mbili kuu za kumjulisha mwenye mali kwamba kuna hitilafu, yaani mlio wa tahadhari na barua pepe. Fundi huru tuliyemwita baadaye alipofungua mipangilio mbele yetu, alikuta mlio umezimwa, na anwani ya kupokelea tahadhari ni ya mfanyakazi wa duka lile ambaye, kwa maelezo ya duka lenyewe, aliacha kazi zamani. Nimeiona orodha ya tahadhari zilizotumwa kwa macho yangu, mstari baada ya mstari, kila mmoja ukisema kwamba safu ya diski imedhoofika na diski namba tatu ibadilishwe. Mashine ilikuwa inasema ukweli muda wote huo, na ukweli ule ulikuwa unapelekwa kwa mtu asiyehusika tena, kwa sababu waliotufungia hawakuona umuhimu wa kuandika anwani ya mwenye ofisi.

Siku duka lilipokuja, fundi wao alichomoa diski iliyokufa, akachomeka nyingine, akaanzisha ujenzi mpya wa safu, yaani kukokotoa upya data iliyokuwa kwenye diski iliyokufa na kuiandika kwenye mpya, kisha akaaga akisema tukiamka kesho kila kitu kitakuwa sawa. Hakuuliza kama kuna nakala mahali pengine popote. Hakupima afya ya diski tatu zilizobaki, jambo ambalo mashine yenyewe inaweza kulifanya kwa kubonyeza mara chache. Wakati wa ujenzi mpya kila diski iliyobaki husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na hiyo ni moja ya kazi nzito kabisa ambazo diski hufanya. Diski iliyochoka huelemewa hapo hapo. Ya pili ikafa kabla ya ujenzi kukamilika, na kwa RAID 5 hapo ndipo mwisho wa safari.

Tulipozitoa diski zote na kuzipanga mezani ndipo tulipoelewa tuliuziwa nini. Mbili zilikuwa za rekoda za kamera za ulinzi, zile zenye lebo ya zambarau. Moja ilikuwa ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Ya nne ilikuwa kweli ya NAS, lakini pembeni mwa lebo yake kulikuwa na mabaki ya gundi ya stika nyingine iliyobanduliwa, na kumbukumbu zake za ndani zinaonyesha imeshawaka zaidi ya saa 30,000, yaani zaidi ya miaka mitatu ya mchana na usiku, wakati mashine yetu haina umri huo na risiti inasema diski zote ni mpya.

Tofauti hizi si za rangi ya lebo. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sehemu isiyosomeka hung'ang'ania kuisoma tena na tena kwa muda mrefu, kwa sababu imeundwa ikijua kwamba iko peke yake. Diski ya NAS hukata tamaa baada ya sekunde chache, kwa kawaida 7 hivi, na kuiachia safu itafute data hiyo kwenye diski nyingine. Ukiichanganya ya mezani kwenye safu, mashine inaona diski imenyamaza, inaihesabu kuwa imekufa na kuitoa. Za kamera zimetengenezwa kwa ajili ya kuandika video mfululizo, ambapo kupoteza picha mbili tatu si msiba, na zinapatikana kila kona Kariakoo kwa kuwa kila duka na kila nyumba inafunga kamera siku hizi. Mwenye duka alichukua zilizokuwa karibu na mkono wake na kutulipisha bei ya zile zinazostahili.

Naomba asitokee mtu wa kuniambia kwamba haya ni mambo madogo ya kitaalamu ambayo mteja hawezi kuyajua. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizokuwa zikiuzwa mahususi kwa ajili ya NAS, zilitumia teknolojia ya SMR, ambayo njia za kuandikia data hupandana na kufanya ujenzi mpya wa safu kuwa wa polepole mno, na kwamba wanunuzi hawakuwa wameelezwa. Ilishtakiwa Marekani, ikalazimika kuchapisha ni diski zipi ni za aina gani, na ikaanzisha jina la WD Red Plus kwa zile zisizotumia SMR. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya wauzaji kufuta hesabu ya saa za kuwaka, na zikatambuliwa kwa sababu kuna kumbukumbu nyingine ya ndani, iitwayo FARM, ambayo walaghai hao hawakuigusa. Kwingineko wanunuzi walipiga kelele mpaka wakajibiwa. Hapa kwetu tunaambiwa "waranti imeisha, bosi".

Jambo jingine alilolikuta fundi huru ni mlango uliofunguliwa kwenye ruta ili "mkurugenzi aweze kuona mafaili akiwa nyumbani", mashine ikiwa wazi kwa dunia nzima na jina la mtumiaji likiwa lile lile la kiwandani. Januari 2022 programu ya DeadBolt iliingia kwenye mashine za NAS za kampuni ya QNAP zilizoachwa wazi namna hiyo, ikafunga mafaili ya wenye nazo na kuwadai bitcoin 0.03 kila mmoja. Kabla yake, Aprili 2021, programu nyingine iitwayo Qlocker ilifanya vivyo hivyo. Kwetu haikutokea, lakini si kwa juhudi za aliyetufungia.

Najua wapo watakaojibu kwamba dawa ni kupeleka kila kitu kwenye wingu. Tuna takriban terabaiti 6. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 20 kwa sekunde, kama kasi hiyo ingedumu bila kukatika, kazi hiyo ingechukua siku 28 hivi mchana na usiku, na kuzirudisha siku ya maafa nako kunataka siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na sote hapa Dar es Salaam tunakumbuka hali ya intaneti ilivyokuwa. Meli haisubiri waya uunganishwe, na gharama za kuchelewesha kontena zinaendelea kuhesabiwa. Wingu lina nafasi yake kwa nyaraka chache zisizoweza kupotea. Kinachotakiwa ni ile kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kwa ofisi kama yetu hiyo ni NAS yenyewe, diski mbili za nje zinazopokezana kwenda nyumbani kwa mtu mmoja mwaminifu, na kifurushi kidogo cha wingu. Gharama yake ni sehemu ndogo ya tulicholipa. Hakuna aliyetueleza, na hata UPS (betri ya akiba) waliyotuuzia hawakuiunganisha na mashine kwa ule waya wa USB unaoiamuru ijizime salama umeme unapokatika. Waya huo tumeukuta ndani ya boksi, kwenye mfuko wake wa nailoni.

Hasara hii si yetu peke yetu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5, na mkaguzi akija hatakubali kusikia habari za diski namba tatu. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi, kwa sababu ile diski ya kwanza fundi wa duka aliondoka nayo. Mafaili yetu hayakufungwa kwa usimbaji, yaani kufanywa yasisomeke bila ufunguo, hilo nalo hatukuelezwa, na katika RAID 5 faili dogo, kama nakala ya kitambulisho cha mteja iliyopigwa skani, linaweza kukaa zima ndani ya diski moja. Wataalamu wa kuokoa data nao wametuambia kwamba diski hiyo wanaihitaji, kwa kuwa wakiweza kuisoma hata kwa sehemu, huenda sehemu kubwa ya mafaili ikaokolewa. Tukipiga simu dukani tunaambiwa imepelekwa stoo, tukienda stoo tunaambiwa fundi yuko saiti.

Kwa hiyo wenye duka, kama mnausoma uzi huu, na najua mnausoma kwa sababu mmoja wenu ameshanipigia kuniomba nisiuandike: irudisheni diski yetu ikiwa na namba yake ya kiwandani (serial) ile ile iliyo kwenye kumbukumbu za mashine, bila kuifungua wala kuijaribu, pamoja na maelezo ya maandishi ya ni nani aliyeishika tangu ilipotoka ofisini kwetu. Suala la fedha tutalizungumza mbele ya Tume ya Ushindani. Na wanajukwaa ambao mmefungiwa mashine na mafundi wa Kariakoo, naomba mfungue mipangilio ya tahadhari leo, mtazame ni anwani ya nani iliyoandikwa pale, kisha mje mseme hapa mmekuta nini.